Makopo Ishirini Chini ya Dirisha la Mama

Jumatatu, 6 Aprili

Shule imefunguliwa leo na mvua nayo imefunguliwa, kama vile ilikuwa inangoja kengele. Mwalimu wa sayansi, ambaye nyuma ya mgongo wake tunamwita Thibitisha, aliingia na makopo mawili ya udongo akayaweka mezani.

"Hili nitalitia mbolea, hili sitalitia. La mbolea likistawi na hili likafa, nimethibitisha nini?"

Darasa zima tukajibu kwamba mbolea inafaa. Akatutazama kama mtu anayetazama chai iliyomwagika.

"Hamjathibitisha kitu. Kopo moja upande huu na kopo moja upande ule hayasemi neno. Mmea unaweza kufa kwa sababu zake wenyewe. Leteni makopo mengi, halafu tuongee."

Kila mmoja wetu atabuni jaribio lake. Matokeo yataonyeshwa siku ya kufunga shule, tarehe 5 Juni, na wazazi wote wataalikwa. Nimeandika neno "wote" nikalipigia mstari.

Jumanne, 7 Aprili

Mwalimu wa lugha alitufundisha kwamba mwenye shajara aanze kwa kueleza nyumba yake. Basi naeleza.

Mama alijifungua pacha wiki sita zilizopita, wavulana wawili, kabla ya siku zao. Mkubwa alifariki siku ya tatu. Mdogo amerudi nyumbani. Tangu hapo Mama hulala akiwa ameelekea ukuta, na dirisha liko nyuma ya mgongo wake. Hataki kumbeba mtoto. Maziwa yake yamekauka.

Shangazi, dada yake Baba, ndiye anayemlea. Anamwita Mgeni, kwa sababu hana jina. Baba anasema jina litatoka kwa Mama. Shangazi ana watoto wake na cherehani yake inayomngoja huko kwake, safari ya siku nzima kwa basi. Ameahidi kukaa mpaka shule zifungwe. Baada ya hapo, kama Mama hajampokea mtoto, ataondoka naye. Hakuna aliyeniambia hivyo. Niliwasikia yeye na Baba jikoni wakiongea, nami nikaendelea kuchambua mchele.

Jumatano, 8 Aprili

Baba ni fundi wa funguo. Leo amerudi na makopo ishirini matupu kutoka kwa jirani yetu anayepaka rangi nyumba za watu. "Haya makopo yana rangi nyingi kuliko nyumba yetu," akasema. Akayatoboa yote chini kwa msumari.

Jumamosi, 11 Aprili

Nimepanda. Udongo ni wa shimo moja, nimeuchanganya vizuri. Maharage ni ya mfuko mmoja. Kila kopo nimelipatia namba. Kisha nikaandika namba kwenye vikaratasi, nikavikunja, nikavitia kwenye kofia ya Baba.

"Mbona usichague tu?" Shangazi akauliza. Alikuwa amembeba Mgeni mgongoni.

"Nikichagua mwenyewe, Shangazi, nitayaweka makopo mazuri upande ninaotaka ushinde. Bila hata kujua."

"Kumbe moyo wako una hila."

"Mwalimu anasema ya kila mtu."

Vikaratasi kumi vya kwanza ni kundi la jaribio: litapata maji ya mbolea. Kumi vilivyobaki ni kundi la kulinganishia: litapata maji matupu, kiasi kile kile, siku ile ile. Bila hilo hatutajua mbolea imefanya nini, kwa kuwa hata mvua na jua vingeweza kudai sifa.

Nimeyapanga yakiwa yamechanganyika chini ya dirisha la Mama, kwenye ukingo ambapo paa linazuia mvua na jua la asubuhi linafika. Hiyo ndiyo sababu niliyomwandikia Mwalimu. Sababu nyingine ni kwamba Mama akigeuka ataona kitu kinachoota.

Jumatano, 15 Aprili

Mvua. Maharage matatu yameinua vichwa.

Jumamosi, 18 Aprili

Yameota yote. Nimetoa maji ya mbolea kwa mara ya kwanza, kikombe kimoja kwa kila kopo. Ni mavi ya kuku ya jirani, yaliyolowekwa kwenye ndoo yenye kifuniko.

"Kisayansi hii inaitwaje?" Shangazi akauliza huku amebana pua. "Maana jina lake la nyumbani nalijua."

Nimemteua awe mpimaji. Atapima kwa rula kila Jumamosi, na hajui kopo lipi liko kundi gani, ili jicho lake lisipendelee upande. Alicheka akisema hajawahi kupewa kazi kwa sababu ya kutojua.

Jumamosi, 25 Aprili

Kundi la jaribio limetangulia. Nikigawanya jumla, kila mche wa mbolea umepita mwenzake kwa karibu sentimita mbili. Nilikimbia mpaka mlangoni kwa Mama nikamweleza yote: kura, vikombe, rula. Nikamwambia ni Shangazi anayepima. Sikumwambia kwamba anapima Mgeni akiwa mgongoni, na kwamba Mgeni sasa anashika rula.

Mama alisema, "Mm."

Ni neno lake la kwanza kwangu tangu juzi. Nilipotoka niliona amegeuka kidogo. Sio sana. Labda godoro.

Alhamisi, 30 Aprili

Mvua.

Jumamosi, 2 Mei

Tofauti imepungua. Sasa ni sentimita moja tu. Shangazi amepima mara mbili kwa ombi langu, na mara ya pili alilalamika mgongo.

Jumatano, 6 Mei

Mgeni amecheka. Alicheka mbele ya Baba, aliyekuwa anatengeneza kufuli. Baba alisimama na bisibisi mkononi, akaenda mpaka mlango wa Mama, akasimama, akarudi. Nilimuuliza kama amemwambia. "Amelala," akasema. Mimi nilisikia kitanda kikilia, na mtu aliyelala hakilizi kitanda.

Jumamosi, 9 Mei

Hakuna tofauti tena. Makundi yote mawili yana majani mapana, ya kijani kilichokolea. Nimehesabu upya mpaka penseli imeisha ncha. Halafu nikafunua ndoo ya mbolea: imepungua kuliko vikombe nilivyochota.

Wakati wa chakula nikauliza, "Baba, unagusa makopo yangu?"

"Mimi nafungua vya watu kwa ruhusa yao tu."

"Shangazi?"

"Mwanangu, ile ndoo siikaribii hata kwa kulipwa."

Jumatatu, 11 Mei

Nimempelekea Mwalimu hesabu zangu. Alizisoma zote akiwa amesimama. Akasema kuna mawili. Ama mbolea yangu haifanyi kitu, na hilo nalo ni jibu, nisilionee aibu. Ama kundi langu la kulinganishia si kundi la kulinganishia tena.

"Lipi kati ya hayo?" nikauliza.

"Thibitisha," akasema. Wenzangu waliokuwa dirishani walicheka, lakini yeye hakujua kwa nini.

Alhamisi, 14 Mei

Leo nimejua. Nitaandika yote.

Mvua ilianza kabla ya mapumziko, na maji yakaingia darasani mpaka kwenye miguu ya madawati. Mwalimu mkuu akaturudisha nyumbani. Nilifika nimelowa chapachapa. Baba alikuwa kibandani kwake anakotengeneza funguo. Shangazi alikuwa zahanati na Mgeni, kwa chanjo. Nikapita nyuma ya nyumba ili nivue viatu.

Mama alikuwa amechutama kwenye makopo. Alikuwa na gauni lake la kulalia, na shuka amejitanda mabegani. Ndoo ilikuwa wazi pembeni yake. Alikuwa anachota kwa upawa, anamimina polepole kwenye kopo, anasubiri udongo unywe, kisha anahamia lingine. Alikuwa anaruka mengine. Anapita kopo namba tatu bila kuligusa, anakwenda la nne. Anapita la tano na la sita, anakwenda la saba. Sikuhitaji karatasi yangu. Alikuwa analipatia mbolea kundi la kulinganishia, kopo kwa kopo, bila kukosea hata moja. Na kwa kila moja alikuwa anasema kitu kwa sauti ya chini: "Na wewe. Na wewe pia."

Kwa hiyo hakuwa anatazama ukuta. Jumamosi zote hizo, nilipokuwa namimina vikombe vyangu chini ya dirisha lake, alikuwa anatazama nani amepata na nani hajapata.

"Mama," nikasema.

Hakushtuka. Akamaliza kumimina.

"Mama, hilo ni kundi la kulinganishia."

"Najua. Ulinieleza."

"Sasa mbona unalipatia mbolea?"

"Hawa wamekosa nini?"

"Hawajakosa chochote. Ni kura tu, Mama. Nilivitia vikaratasi kwenye kofia."

"Kura," akasema, kama anayeonja chumvi.

"Lazima wengine wasipate. La sivyo hatutajua."

"Ujue wewe. Wao watakuwa wamekwisha kufa."

"Hawafi, wanapata maji! Na wewe umeniharibia jaribio zima. Wiki tano, Mama. Wiki tano."

Nimeandika alama ya mshangao hapo kwa sababu nilipaza sauti. Sijawahi kumpazia Mama sauti. Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitali, akaweka upawa chini taratibu, akafunika ndoo, akaenda ndani. Nilisikia kitanda. Nilipochungulia dirishani alikuwa ameelekea ukuta, na safari hii amejifunika mpaka kichwani.

Karibu wiki tatu alikuwa anaamka. Karibu wiki tatu alikuwa anavaa ndara, anafungua mlango wa nyuma, anachutama. Hakuna aliyejua, na mimi niliyejua nimemrudisha kitandani.

Ijumaa, 15 Mei

Hajala.

Jumamosi, 16 Mei

Sikupima. Nilimwambia Shangazi kwamba jaribio limekwisha. Akaniuliza kwa nini nalia kwa ajili ya maharage.

Jumapili, 17 Mei

Mvua. Hajala ila uji vijiko viwili, na hivyo ni kwa sababu Baba alikataa kutoka chumbani.

Jumanne, 19 Mei

Tulikuwa tunafua nepi mimi na Shangazi. Nikamweleza yote niliyoyaona na niliyoyasema. Shangazi akakamua nepi moja mpaka ikakauka kabisa, ndipo akanena.

"Umeambiwa nini kuhusu hospitali?"

"Kwamba mkubwa alikuwa dhaifu."

"Mkubwa ndiye aliyekuwa na nguvu. Huyu Mgeni ndiye alikuwa kama kidole. Sasa sikiliza. Mashine ya joto ilikuwa na nafasi moja tu siku hiyo. Muuguzi akamuuliza mama yako, tumweke yupi. Mama yako akasema, mpeni huyu mdogo, mwenzake atajimudu kifuani kwangu. Akajimudu siku tatu."

Akaanika nepi.

"Ndiyo maana hamshiki huyu. Akimwona yeye anaona nafasi aliyomnyima mwenzake. Na wewe unakuja dirishani kwake unagawa: huyu apate, huyu asipate."

"Sikujua, Shangazi."

"Najua hukujua. Ndiyo maana nakuambia."

Nimekaa kwenye ngazi mpaka mvua ikaanza na nepi zikalowa tena, na hakuna aliyenigombeza.

Jumatano, 20 Mei

Majani ya kundi la pili, lile la kulinganishia, yameanza kuwa ya manjano chini. Kwa sayansi ni habari njema: inaonyesha mbolea inafaa. Nimeyatazama muda mrefu. Kisha nikachukua upawa wa Mama nikayapa yote kumi maji ya mbolea. Nilijua ninachokifanya. Sina tena jaribio.

Alhamisi, 21 Mei

Nilibisha hodi kwa Mama baada ya shule. Nilikuwa nimepanga maneno njiani.

"Mama, nisamehe nilivyosema."

Akavuta shuka mpaka kichwani.

"Mama, Mwalimu alitufundisha jambo moja siku ya kwanza. Alisema kopo moja upande huu na kopo moja upande ule hayasemi neno. Lile moja linaweza kufa kwa sababu zake lenyewe. Hata ungelipatia lile lingine, huenda lingekufa vile vile, au yangekufa yote mawili. Ndiyo sababu tunapanda mengi. Kwa mawili tu hakuna mtu anayeweza kujua. Hata daktari. Hata wewe, Mama."

Mvua ilikuwa inapiga bati, nikadhani hajanisikia. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda. Baadaye sana shuka likasogea.

"Shangazi yako ana mdomo," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Hakuna anayeweza kujua?"

"Hakuna. Ni hesabu."

Alikuwa analia bila kutoa sauti. Nilijua kwa mabega.

"Mwanangu, wewe unaongea makopo," akasema. "Mimi nilikuwa nao wote wawili kwenye mikono hii. Huyu mmoja alikuwa ananitafuta kwa mdomo. Hesabu yako nimeisikia. Ni nzuri. Lakini haijui alivyokuwa mzito."

Nilidhani nimekuja na ufunguo, kama Baba, nikakuta mlango wenyewe hauna kufuli, ni mzito tu. Nikalala nyuma yake, nikamshika. Hakunisukuma.

Jumamosi, 23 Mei

Mama ametoka mpaka mlango wa nyuma. Ametazama majani. "Nani amewapa?" akauliza. Nikasema ni mimi. Akatikisa kichwa, lakini si kwa hasira.

Jumanne, 26 Mei

"Mleteni," Mama akasema asubuhi, wakati Shangazi anachemsha chupa za maziwa. Shangazi alikaribia kuangusha sufuria.

Alimshika Mgeni kwa muda mfupi kama wa kunywa maji. Alimkaza mno mpaka Mgeni akaanza kulia. Mama akamrudisha. "Mchukue, wifi, mchukue haraka." Lakini alimshika.

Nimeanza kutumaini. Natumaini sana, mpaka naogopa kuandika.

Jumatatu, 1 Juni

Mama amembeba mara tatu wiki iliyopita, kila mara akiwa ameketi, na Shangazi mbele yake amekinga mikono kama anayengoja tunda lianguke. Leo usiku walikaa jikoni watu wazima wote watatu. Waliniita niketi, kwa kuwa nimekuwa mkubwa.

Mama mwenyewe ndiye aliyesema. "Aende na wifi."

"Mama, lakini unambeba sasa."

"Nambeba wifi akiwepo. Wifi akiondoka, Baba yako yuko kibandani, wewe uko shule. Akipaliwa, akipandwa na joto, ni mimi na yeye peke yetu. Siwezi kuchagua tena kitu chochote. Sijapona. Nikijidanganya, atakayelipa ni yeye."

Baba alikuwa anageuza ufunguo mmoja mkononi, huku na huku. Shangazi alisema, "Ni kwa muda, jamani. Hakuna anayemnyang'anya mtu mtoto."

Nilimtazama Mama. Nilikuwa nimezoea kumwona kama mtu aliyetuacha. Leo nimeona kwamba yeye ndiye anayesema ukweli kuliko sote.

Ijumaa, 5 Juni

Siku ya kufunga. Nilibeba makopo manne tu. Baba alikuja na grisi kwenye kucha. Mama hakuja. Kwenye bango langu niliandika: *Matokeo: hakuna tofauti kati ya makundi mawili. Sababu: kundi la kulinganishia lilipewa mbolea na mtu aliyelihurumia. Jaribio halithibitishi kitu.*

Mvulana mmoja alisoma kwa sauti na kuuliza kama mtu huyo ni mzimu wa bibi yangu. Mwalimu akamwambia aende akalinde jaribio lake la volkano ya siki. Kisha akasoma bango langu kimya, akakaa hapo muda mrefu kuliko mahali pengine popote.

"Unajua ungeweza kuficha," akasema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mtu huyo hajambo?"

"Bado, Mwalimu."

Hakusema thibitisha.

Jumamosi, 6 Juni

Mvua ilikatika alfajiri. Basi la Shangazi lilikuwa la saa mbili.

Mama alitoka chumbani amevaa viatu. Akamwambia Shangazi, "Nipe mimi nimpeleke mpaka kituoni." Shangazi akamfunga Mgeni mgongoni kwa Mama, akakaza, akakagua, akakaza tena. Tukatembea. Baba na sanduku, Shangazi na chupa, mimi na kopo namba nne, la kundi la pili, ambalo Mama alisema liende naye. Mama alitembea katikati ya njia, polepole, akikwepa kila dimbwi. Watu walitusalimia, naye akajibu kila salamu. Mgeni alilala njia nzima, shavu kwenye mgongo wa Mama.

Utingo alikuwa anaita watu. Mama alimfungua mtoto, akamgeuza, akamtazama usoni. Kisha akamwita kwa jina. Jina halisi. Baba aligeukia upande wa pili. Siliandiki hapa, kwa kuwa Mama alisema lisisemwe ovyo mpaka mwenyewe arudi.

"Wifi," akasema, "akilala mlaze ubavu." Akampokeza.

Shangazi alipanda akilia na kugombana na utingo kuhusu kopo. "Ni maharage, baba, hayaumi mtu." Basi likaondoka. Mama alibaki na kile kitambaa cha kubebea mikononi, bado kikiwa na joto. Alikishika hivyo hivyo mpaka nyumbani, na dimbwi lililokuwa mlangoni hakulikwepa.

Jumamosi, 13 Juni

Jua. Nimevuna maganda ya kwanza.

Jioni Shangazi alipiga simu kueleza kwamba mtoto anakula, analala ubavu, na kwamba amempima kwa utepe wa cherehani, kwa kuwa sasa kupima kumemwingia damuni. Akataja urefu.

Mama akaniomba rula na penseli. Akaenda kwenye mlango wa nyuma, akapiga magoti, akapima kutoka sakafuni, akachora mstari mdogo kwenye mwimo wa kushoto, ule ubao wa pembeni wa mlango, akaandika tarehe. Nilidhani amemaliza. Akageukia mwimo wa kulia. Akaweka kiganja chake juu ya ubao, chini kabisa, kimo cha mtoto wa siku tatu, akakiacha hapo. Hakuchora kitu. Kisha akaniomba nimsaidie kusimama.